Gorleben: chumvi imerudi shimoni, makasha bado yapo ghalani

Mwishoni mwa mwaka 2024, BGE, kampuni ya serikali ya Ujerumani iliyokabidhiwa kazi ya kutafuta kaburi la taka za nyuklia, ilianza kurudisha chumvi ardhini katika kijiji cha Gorleben, kaskazini mwa nchi hiyo. Ni chumvi ileile iliyochimbwa na kupandishwa juu kwa miaka mingi, ikarundikwa ikawa kilima cha tani zipatazo 400,000 kando ya msitu wa misonobari. Mgodi ule ulichimbwa ili siku moja upokee taka hatari kuliko zote ambazo vinu vya Ujerumani vimewahi kuzalisha; sasa unafukiwa. Habari hiyo imesambaa ikiwa na tafsiri mbili. Moja inasema wakulima wameibwaga serikali baada ya miaka zaidi ya 40 ya kupambana. Nyingine inasema nchi ya wahandisi imeikimbia sayansi kwa kuogopa makelele ya wanavijiji. Mimi naona zote mbili zimekosea pahali pamoja, kwa kuwa zote zinaanza kusimulia kuanzia kwenye shimo, ilhali mambo haya yalianzia kwenye ramani. Gorleben ilichaguliwa kwa sababu ya mahali ilipokaa kando ya mpaka wa Ujerumani mbili uliochorwa mwaka 1945. Mpaka ulipofutika, hoja ya kuichagua ilibaki inaning'inia. Na kitu kilichobaki pale mpaka leo, yaani makasha 113 ya taka zenye mionzi yaliyosimama juu ya ardhi ndani ya ghala, ndicho ambacho washangiliaji na walalamikaji wote hawakitaji.

Tuanze na pahali penyewe. Gorleben imo katika wilaya ya Lüchow-Dannenberg, jimbo la Niedersachsen. Ujerumani ina wilaya 294 za aina hii, ukiacha miji inayojitawala yenyewe, na hii ndiyo yenye watu wachache kuliko zote: hawafiki 50,000, katika eneo la kilomita za mraba kama 1,220. Hiyo ni karibu robo tatu ya kisiwa cha Unguja, ambacho kina wakazi zaidi ya milioni moja. Msomaji wa Tanzania anapaswa kuwa mwangalifu na neno wilaya hapa. Mkuu wa wilaya wa Niedersachsen hateuliwi na rais wala na waziri mkuu. Anapigiwa kura na wakazi, na pembeni yake lipo baraza la madiwani waliochaguliwa vilevile. Barabara za wilaya, taka za majumbani, ustawi wa jamii na vibali vya ujenzi viko mikononi mwao. Taka za nyuklia haziko mikononi mwao, hizo ni za serikali kuu. Ni vizuri kulishika hilo tangu sasa, maana ugomvi wote ninaousimulia ni wa watu wenye serikali yao ndogo halali kabisa, wanaoletewa jambo ambalo serikali yao hiyo haina kauli juu yake.

Eneo hilo linajulikana zaidi kwa jina la Wendland, nchi ya Wawendi, yaani Waslavi. Karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua mionzi ni nini, bonde hili la mito ya Elbe na Jeetzel lilikaliwa na Waslavi, na alama zao ziko wazi kwa yeyote anayesoma vibao vya barabarani: majina yanayoishia na -itz, -ow na -in yamejaa kila upande. Vijiji vyao vya asili ni vya duara, na vimesalia vingi kuliko mahali pengine popote Ujerumani. Ukiingia Satemin au Lübeln unaingia kwa njia moja tu, halafu unajikuta kwenye uwanja wa wazi. Nyumba kubwa za mbao na matofali zimeuzunguka, kila moja imeelekeza uso wake katikati, na nyuma yake shamba linatanuka kama kipande cha keki. Juu ya boriti ya mlango mkubwa, mlango wa kupitisha mkokoteni uliosheheni, huwa pamechongwa jina la aliyejenga, mwaka, na mara nyingi mstari wa Biblia. Kanisa liko nje ya duara, kwa kawaida, kama mgeni aliyekuja baadaye akakuta nafasi zimeisha. Lugha yao, Kipolabia, iliishi hapa muda mrefu baada ya kufa kwingine magharibi mwa Elbe. Mnamo 1725 Johann Parum Schultze, mkulima na mwenye kilabu wa kijiji cha Süthen, aliandika kwamba yeye na watu wengine watatu wa kijijini kwao wakishafariki, hakuna atakayejua sawasawa mbwa anaitwaje kwa lugha yao. Hakukosea sana. Mwanamke anayetajwa kuwa msemaji wa mwisho alifariki mwaka 1756.

Nayataja haya kwa sababu moja. Kuna dhana kwamba Wendland ni pembe iliyosahauliwa tangu kuumbwa kwa dunia, pori lisilo na historia, na kwa hiyo lilikuwa linangoja tu kutumiwa. Si kweli. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19 vijiji hivi viliishi vizuri kwa kusuka kitani, na nyumba nyingi zile kubwa zilijengwa kwa fedha hizo, mpaka pamba ya viwandani ilipoua biashara. Mwaka 1932 wilaya mbili ndogo za Prussia, Lüchow na Dannenberg, ziliunganishwa ikawa moja, bado ikiwa wilaya ya kawaida ya kilimo, yenye reli iliyovuka Elbe pale Dömitz kwa daraja la karibu kilomita moja kuelekea Wittenberge na Berlin. Soko la wakazi wengi wa kusini lilikuwa Salzwedel, mji ulio jirani kabisa na Lüchow. Huwezi kuiita sehemu hiyo pembezoni. Ilikuwa njiani.

Kilichoifanya pembezoni ni mwaka 1945. Daraja la Dömitz lilipigwa mabomu Aprili mwaka huo na halikujengwa tena. Upande wa magharibi nguzo zake bado zimesimama kwenye majani, zinaelekea mtoni zisifike. Elbe ikawa mpaka kati ya Ujerumani mbili. Salzwedel ikabaki upande wa pili wa waya. Lüchow-Dannenberg ikawa ulimi wa Ujerumani Magharibi uliotokeza ndani ya Ujerumani Mashariki, umezungukwa pande tatu, na njia pekee ya kutoka ni kurudi magharibi kuelekea Uelzen na Lüneburg. Wakimbizi waliojaa baada ya vita waliondoka kufuata kazi mijini, vijana wa wenyeji wakawafuata. Serikali ya Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ilitunga sheria mwaka 1971 ya kuzisaidia wilaya za mpakani kwa ruzuku na nafuu za kodi, ambayo yenyewe ni ushahidi kwamba umaskini huu haukutokana na udongo. Kitu pekee ambacho eneo hili lilikuwa nacho na wengine hawana ni ukaribu wake na Berlin Magharibi kwa mstari wa angani. Ndiyo maana juu ya kilima cha Höhbeck, jirani na Gorleben, iliwekwa minara ya mawasiliano ya kuunganisha simu na Berlin, mmoja wa urefu wa mita 344. Ulilipuliwa mwaka 2009, kazi yake ikiwa imekwisha zamani.

Sasa tuje mwaka 1977. Ujerumani Magharibi ilikuwa inajenga vinu vya umeme wa nyuklia kwa kasi, na sheria ilitaka taka zake zijulikane zitakwenda wapi. Mpango ulikuwa mkubwa mno: kituo kimoja chenye kiwanda cha kuchakata upya fueli iliyotumika, tani 1,400 kwa mwaka, na chini yake, ndani ya mwamba wa chumvi, mahali pa kuzika masalia daima. Wataalamu walikuwa wameshapitia miamba mingi ya chumvi ya Niedersachsen, na majina yaliyokuwa mbele ni Wahn, Lutterloh na Lichtenhorst. Huko nako wananchi walipinga. Tarehe 22 Februari 1977 Ernst Albrecht, waziri mkuu wa jimbo, akatangaza Gorleben. Serikali kuu ya Helmut Schmidt ilisita kwanza, maana Ujerumani Mashariki ilikuwa umbali wa kutupa jicho tu, kisha ikakubali. Mwanajiolojia Gerd Lüttig, aliyeshiriki katika uteuzi huo akiwa mshauri wa serikali ya jimbo, alisema baadaye kwamba Albrecht alivutwa na wazo la kulipa kisasi, kwa kuwa Ujerumani Mashariki ilikuwa inazika taka zake Morsleben, karibu na mpaka uleule. Hata ukikataa simulizi ya kisasi, hoja zilizobaki zinatosha: watu wachache, ajira hakuna, wapiga kura wa chama tawala cha jimbo, na nusu ya duara la hatari liko katika nchi nyingine. Mwamba wa chumvi ulikuwepo, ndiyo. Miamba ya namna hiyo imejaa kaskazini mwa Ujerumani. Mpaka wa namna hiyo haukuwa popote pengine.

Hesabu ya Albrecht ilikuwa na kosa moja. Alidhani uchache wa watu ni udhaifu wao. Lakini wilaya ndogo ina watu wanaojuana, na pale palikuwa na wakulima wenye ardhi yao wenyewe, wasiopanga kwa mtu. Andreas von Bernstorff, kabaila wa Gartow na mwanachama wa chama kilekile cha Albrecht, alikuwa na msitu juu ya mwamba. Aliahidiwa karibu marki milioni 30, akakataa kuuza. Machi 1979 wakulima walipanda matrekta wakaanza safari ya wiki moja kwenda Hannover, mji mkuu wa jimbo. Wakiwa njiani, tarehe 28, kinu cha Three Mile Island kule Marekani kikapata ajali. Waliingia Hannover tarehe 31 wakalakiwa na umati wa watu kama 100,000, na Mei mwaka huo Albrecht akatamka kwamba kiwanda cha kuchakata fueli hakitekelezeki kisiasa. Kiwanda kikafa. Utafiti wa mwamba ukaendelea. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei, vijana na wenyeji walivamia eneo la kuchimba namba 1004, wakajenga kijiji cha vibanda vya mbao, wakatangaza Jamhuri Huru ya Wendland, wakatoa pasipoti zao na kurusha redio yao. Ilidumu siku 33 kabla ya maelfu ya polisi kuibomoa.

Halafu yakaja makasha. Kuanzia Aprili 1995 hadi Novemba 2011 misafara 13 ilifika Gorleben, mingi ikitoka La Hague, Ufaransa, ambako fueli ya Ujerumani ilipelekwa kuchakatwa. Treni ilikuwa inaishia Dannenberg. Pale kreni iliinua kila kasha, la uzito wa zaidi ya tani 100, na kulilaza juu ya lori refu kwa safari ya kilomita kama 20 zilizobaki. Kilomita hizo 20 ndizo zilizoigharimu serikali. Wakulima walijifunga kwenye mapiramidi ya zege juu ya reli; mwaka 2010 wafugaji waliswaga kondoo na mbuzi mamia kwa mamia wakayajaza barabarani, polisi wasijue mbuzi wanahojiwa namna gani; bibi vizee walikaa juu ya lami usiku kucha kwenye baridi ya Novemba, na majirani wakiwapitishia supu. Msafara wa mwisho ulichukua zaidi ya saa 120 kutoka Ufaransa na kulindwa na askari karibu 20,000. Kwenye malango ya mashamba mpaka leo kuna alama ya upinzani huo, X ya mbao iliyopakwa rangi ya njano. Nisiwapake mafuta, hata hivyo. Wilaya haikuwa na sauti moja. Gorleben yenyewe na Gartow zilipokea fedha za fidia, zikajenga vitu, na familia kadhaa zilipata mishahara mgodini na ghalani. Ndugu waliacha kusalimiana kwa ajili ya hilo, na wengine hawajarudiana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: upande uliotaka kaburi la Gorleben una hoja nzito ambayo wapinzani hupenda kuiruka. Taka zipo. Kinu cha mwisho Ujerumani kilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, lakini kuzima kinu hakuondoi kilichokwisha zalishwa, na lazima kiwekwe mahali fulani ndani ya nchi hiyohiyo iliyokula umeme wake. Mashimo ya Gorleben yalizamishwa kuanzia 1986, yakafika kina cha mita 840 na zaidi. Zaidi ya yuro bilioni moja na nusu zilitumika. Na taasisi ya jiolojia ya serikali ilishikilia kwa miaka mingi kwamba haijaona kitu kinachouondolea mwamba ule sifa. Kuacha yote hayo na kuanza upya kuna bei. Sheria ilitaka mahali pateuliwe ifikapo 2031. Baadaye BGE ikasema ni kati ya 2046 na 2068. Mwaka 2024 ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya mamlaka ya usimamizi ikasema 2074, hata mambo yakienda vizuri. Anayeuliza kama ni busara kuacha taka za namna hiyo juu ya ardhi kwa miaka 50 zaidi anauliza swali la haki, na jibu la X ya njano halimtoshi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba maandamano hayakuwa na maana yoyote, kwa kuwa mwishowe jiolojia ndiyo iliyoiondoa Gorleben. Wanaoitoa hutaja tarehe 28 Septemba 2020, BGE ilipochapisha ripoti yake ya kwanza yenye maeneo 90, yanayogusa asilimia 54 ya ardhi ya Ujerumani, na Gorleben haimo. Sababu zilizotolewa ni za kitaalamu kabisa. Kubwa kati yake ni mfereji uliochongwa na barafu zama za barafu, uliokata tabaka la udongo mzito ambalo lilipaswa kuufunika mwamba, hivyo maji ya chini ya ardhi yakapata njia ya kuifikia chumvi. Sawa. Lakini mfereji huo haukugunduliwa 2020. Mtaalamu wa jiolojia ya zama hizo, Klaus Duphorn wa Kiel, aliajiriwa na serikali yenyewe kuuchunguza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwishaonya kuwa matokeo si mazuri. Nyaraka zilizotoka hadharani mwaka 2009 zilionyesha kuwa mwaka 1983 wanasayansi wa taasisi ya serikali, PTB, walitaka kupendekeza maeneo mengine yachunguzwe sambamba na Gorleben, na wizara za Bonn, chini ya serikali ya Helmut Kohl, zikawataka wasiliandike pendekezo hilo. Kwa hiyo sayansi ilikuwepo. Haikuwa na wa kuisikiliza. Na utafiti wa mahali pamoja tu, bila cha kulinganisha nacho, hauwezi kukuambia kama mahali hapo ni bora, hata ukichimba miaka mia. Sheria ya mwaka 2013, iliyotaka nchi nzima ianze kuchunguzwa kwenye ramani nyeupe, yaani bila eneo lolote kuteuliwa au kuondolewa mapema, haikuletwa na mwanajiolojia aliyeamka usingizini. Ililetwa na wanasiasa waliochoka kupeleka askari 20,000 kulinda lori. Wenye matrekta hawakubadilisha mwamba. Walibadilisha swali lililokuwa linaulizwa juu yake.

Zaidi ya hapo, sheria mpya imegeuza mpangilio wa hoja. Sasa miamba inapimwa kwanza, nchi nzima kwa kipimo kimoja, na mambo kama umbali kutoka makazi ya watu yanaingia baadaye, pale maeneo yanapolingana kwa usalama. Mwaka 1977 ilikuwa kinyume: watu wachache kwanza, mwamba baadaye. Nadhani hilo ni badiliko kubwa kuliko kufukiwa kwa shimo, na limepita bila shangwe. Lina upande wake mchungu pia. Bavaria, jimbo tajiri lililopata umeme mwingi wa nyuklia, lilizoea kudhani kwamba taka ni mambo ya kaskazini. Ripoti ya 2020 ilipoonyesha sehemu kubwa za Bavaria zimo, wanasiasa wake walilalamika kwa nini Gorleben imeondolewa. Hapo ndipo unapoona kwamba wanaotuhumiwa kwa ubinafsi wa kusema "popote isipokuwa kwangu" hawakuwa wa Wendland peke yao. Tofauti ni kwamba wa Wendland walilazimika kulisema wakiwa juu ya reli, na wengine walilisema wakiwa ofisini.

Turudi sasa kwa wanaoshangilia. Ushindi gani huo? Kama mita mia kadhaa kutoka mgodini, ng'ambo ya barabara msituni, limesimama ghala lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndani yake yamo yale makasha 113. Hayajaenda popote. Hayakupangwa kwenda chini moja kwa moja pale Gorleben hata kama mgodi ungeidhinishwa. Yalihitaji kwanza kupoa kwa miongo na kufunguliwa na kufungwa upya. Ghala liliitwa la muda, na leseni yake ni ya miaka 40, hadi mwisho wa 2034. Hakuna ghala jingine la taka hizi nchini ambalo leseni yake inakwisha mapema kuliko hilo kati ya yale makubwa yaliyojengwa mbali na vinu. La Ahaus, magharibi, linafuata 2036. Piga hesabu mwenyewe: mahali pa kuzika pakichaguliwa 2074, bado kuna kujenga, kisha kuhamisha makasha yapatayo 1,900 ya nchi nzima, moja baada ya jingine. Mtoto aliyezaliwa Gartow kasha la kwanza lilipowasili atakuwa na miaka 79 siku ya kuteua tu. Wilaya iliyokataa kuwa kaburi imekuwa chumba cha kuhifadhia maiti, bila kuulizwa, na bila tarehe ya mazishi.

Wakati huohuo ramani imebadilika. Ukuta wa Berlin ulianguka 1989. Mwaka 1992 daraja jipya la barabara likafunguliwa Dömitz. 1993 Amt Neuhaus, kipande cha Niedersachsen ya zamani kilichoachwa ng'ambo ya Elbe kwa nusu karne, kikarudi. Lüchow-Dannenberg haikuwa tena ulimi ndani ya nchi ya wengine. Iko karibu nusu ya njia kati ya Hamburg na Berlin. Umaskini wa mpakani, hata hivyo, hauondoki kwa sababu tu mpaka umeondoka. Wilaya bado haina hata kilomita moja ya barabara kuu ya mwendo kasi, na treni ni chache kwenye reli inayoishia Dannenberg kutokea Lüneburg. Kinachoitofautisha na wilaya nyingine za vijijini zinazozeeka ni kwamba ugomvi uliwaleta watu: mafundi, wachoraji, wakulima wa kilimo hai na walimu waliokuja kupinga wakabaki, wakakarabati nyumba za duara zilizokuwa zinaanguka. Tangu 1989, kila mwaka kati ya sikukuu ya Kupaa na Pentekoste, vijiji vingi hufungua milango na maghala yao kwa maonyesho ya sanaa, na maelfu huja. Ukanda wa mpakani, ulioachwa bila kulimwa kwa kuwa ulikuwa na askari, sasa ni hifadhi ya mabonde ya Elbe yenye korongo na tai. Serikali za jirani huko mashariki zimeunganisha wilaya zao ndogo kuwa kubwa mno. Mwaka 2011 Mecklenburg iliunda wilaya yenye zaidi ya mara mbili ya eneo la jimbo zima la Saarland. Hoja ni kubana matumizi, na Lüchow-Dannenberg nayo imewahi kuambiwa kwamba ni ndogo mno kujiendesha. Mimi nasita. Wilaya yenye watu wasiofika 50,000 ni ghali kuiendesha, kweli, lakini baraza lake ndilo lilikuwa jukwaa pekee rasmi ambapo jambo la Gorleben lilikuwa ajenda ya kwanza na si ya kumi na saba.

Kwa msomaji wa Kilifi aliyeona maandamano ya Uyombo mwaka 2024, au wa Siaya ambako serikali ya Kenya imeelekeza macho baadaye kwa mradi wake wa kinu, haya si mambo ya mbali. Majadiliano yetu huishia kwenye kinu: megawati ngapi, ajira ngapi, fidia kiasi gani. Ujerumani ilijenga vinu vyake kwanza, ikaahirisha swali la taka, na baadaye ikaligeuza kuwa swali la nani ana kura chache. Anayeishi mahali penye watu wachache ana haki ya kuuliza mapema kama uchache wake umeandikwa katika orodha ya sifa za eneo.

Kwa Gorleben yenyewe, jambo la kufuatilia halipo tena mgodini. Katika miaka michache ijayo BGZ, kampuni ya serikali inayoendesha maghala, italazimika kuomba leseni ya kuendelea baada ya 2034, na mchakato huo utahitaji tathmini ya mazingira na usikilizwaji wa wananchi. Ikiwa serikali itapeleka ombi la kuongeza muda kimya kimya, kama karatasi ya kawaida ya ukaguzi wa jengo, itakuwa imerudia ya 1977 kwa njia ya mlango wa nyuma. Kitu cha chini kabisa ambacho wilaya inastahili ni leseni yenye kikomo kilichofungamanishwa na ratiba ya kaburi la taifa, malipo ya wazi kwa kila mwaka wa ziada, na ukaguzi wa makasha usiotegemea neno la mwenye ghala. Madiwani wa Lüchow hawana mamlaka ya kukataa. Wanayo, hata hivyo, nafasi ya kudai masharti hayo kabla ombi halijaandikwa, na muda wa kufanya hivyo ni sasa, wakati Berlin bado inapigwa picha ikifukia shimo.